Gamba la chaza au gamba la silikanti: uige lipi?

Chukua kipande cha jiwe la chokaa, la aina ile ile iliyofanya mapango ya Amboni, ukigonge kwa nyundo ndogo. Pigo la kwanza au la pili kinapasuka, na ufa ukishaanza hausimami mpaka utokee upande wa pili. Sasa lete gamba la chaza, lipe nyundo hiyo hiyo. Litameguka ukingoni, litachubuka, lakini kulipasua katikati ni kazi ya kutoa jasho. Na vitu hivi viwili, kwa kemia, ni kitu kimoja: kalsiamu kaboneti. Fuwele zimejipanga tofauti kidogo, basi. Kilichobadilika ni mpangilio.

Mpwa wangu alikuwa amelisoma jambo hilo likampanda kichwani. Yuko mwaka wa mwisho katika chuo cha ufundi, na ametakiwa abuni kifaa kwa kuiga muundo wa kiumbe hai. Alifika karakanani kwangu Sahare, hapa Tanga, Jumamosi moja, hata shikamoo yake ilikuwa ya mbio, akanionyesha simu, imeandikwa kwamba gamba la chaza ni gumu kuvunjika mara 3,000 kuliko madini yaliyolijenga. "Mjomba, tazama. Mara 3,000. Naiga chaza."

Kifaa chenyewe ni kifuniko cha sanduku la barafu la botini. Nikamuuliza vile vifuniko vya zamani huvunjikaje. Hakujua. Nikamwambia aende ufukweni akaviangalie vilivyotupwa, ndipo arudi tuzungumze habari za chaza. Nashikilia hapo: muundo wa kuiga hauchaguliwi kwa namba kubwa wala kwa uzuri wa picha, huchaguliwa kwa namna kitu chako kinavyokufa. Akarudi na picha kumi na kitu. Vifo vilikuwa vya aina tatu. Vingine vimekatika karibu na bawaba kwa kukaliwa na watu wazima wawili. Vingine vimetobolewa na nanga. Na vingi zaidi vimevimba, kwa sababu plaiwudi ya ndani imekunywa maji ya chumvi mpaka faiba, yaani nyuzi za kioo zilizoshikanishwa kwa rezini (gundi ya majimaji inayokauka ikawa ngumu), ikabanduka juu yake.

Kwa hiyo tulinganishe viumbe kwa vifo hivyo vitatu.

Chaza, bingwa wa namba

Sehemu ya ndani ya gamba la chaza, ile inayong'aa rangi rangi, ni ukuta wa matofali. Kila tofali ni kibamba cha aragonaiti, aina mojawapo ya fuwele za kalsiamu kaboneti, chenye unene wa karibu nusu maikromita (maikromita ni sehemu ya elfu ya milimita) na upana wa maikromita 5 hadi 8. Udongo wa kuyashikanisha ni utando laini wa protini na jamii ya sukari, wenye unene wa nanomita 20 hadi 30 tu, na nanomita elfu ndizo maikromita moja. Kwa ujazo, madini ni takriban asilimia 95, na ule utando uliobaki ndio unaomtesa ufa. Ufa ukija unakuta tofali, unazunguka. Unakuta utando, unapotea njia. Unakuta tofali lingine. Matofali yenyewe huteleza kidogo yakisuguana, na kila mteleziko unakula sehemu ya nguvu ya pigo.

Ile 3,000 inatoka hapo, na watu huisoma vibaya. Haisemi kwamba gamba hubeba mzigo mara 3,000, wala kwamba linashinda chuma. Inasema kwamba nishati ya kulivunja inaweza kufika mara 3,000 ya ile ya kuvunja aragonaiti tupu, na aragonaiti tupu hukatika kama chaki ya shuleni. Ukilinganishwa na dhaifu utaonekana pandikizi la mtu.

Kuiga kumefanyika, tena kwa akili nyingi. Mwaka 2006 watafiti wa maabara ya Lawrence Berkeley, Marekani, walitumia barafu. Maji ya bahari yakiganda, barafu huikataa chumvi na kuisukuma kando. Vivyo hivyo, maji yaliyochanganywa na unga wa kauri yakigandishwa kutoka upande mmoja, barafu hukua kama kurasa za daftari na kuubana unga katikati ya kurasa. Barafu ikiondolewa kwa kukaushwa, zinabaki kurasa za kauri, zinachomwa tanuruni, kisha nafasi zinajazwa plastiki. Miaka miwili baadaye kundi hilo lilitoa kauri na akriliki zilizopangwa hivyo, zenye kuhitaji nishati ya kuvunja mara 300 kuliko viambato vyake. Kule Montréal, Chuo Kikuu cha McGill, 2014, wakakichora kioo kwa leza mistari ya mawimbi yenye kushikana meno kwa meno, wakaijaza poliyurethani, aina ya plastiki; ufa ukapewa njia yake maalumu na kwenye njia hiyo ukachoshwa. Kioo hicho kilitajwa kuwa kigumu kuvunjika mara 200 kuliko cha kawaida.

Mimi karakanani nina grainda, feni na mizani ya rezini. Sina tanuru la kupita digrii 1,000 wala friji inayogandisha kwa mwendo uliopimwa. Lakini hata ningekuwa navyo, chaza ni dawa ya ugonjwa mwingine. Anatibu kitu ambacho lazima kiwe kigumu na kwa ugumu wake kinapasuka ovyo: kioo, vigae, meno ya bandia, ngao. Kifuniko cha faiba hakipasuki kama kioo. Na kifuniko chenye asilimia 95 ya madini, mvuvi atakiinua mara moja, mara ya pili atakitupa baharini.

Mpwa alinuna. Nikamwachia chai ipoe.

Silikanti, wa nyumbani

Hapa watu wa Tanga tuna ruhusa ya kujisifu kidogo. Silikanti alidhaniwa kuwa ametoweka pamoja na dinosaria, zaidi ya miaka milioni 65 iliyopita, mpaka 1938 alipovuliwa mmoja Afrika Kusini. Kuanzia 2003 wavuvi wa pwani yetu wakawa wanampata kwenye jarife zinazotegwa maji marefu, na mwaka 2009 ikatangazwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga. Tangu hapo ukimtaja samaki huyu kila mtu anazungumzia umri wake na mapezi yake yaliyo kama miguu. Gamba lake halina msemaji, nami naona ndilo lenye faida kwa fundi.

Juu gamba hilo ni gumu, lina madini na vijiba. Chini ya hapo ni tabaka juu ya tabaka za nyuzi za kolajeni, protini ile ya ngozi na kano, na mpangilio wake ndio darasa. Tandika mkeka sakafuni. Juu yake tandika mwingine, lakini uzungushe kidogo. Wa tatu, uzungushe tena kwa kiasi kile kile. Endelea mpaka mzunguko ukamilike. Mpangilio wa namna hii, wa matabaka yanayozunguka kidogo kidogo, hutajwa kwa jina la Mfaransa Yves Bouligand aliyeueleza katika magamba ya kaa na wadudu. Viumbe wengi wanao, lakini kwa wengi kila tabaka lina nyuzi za upande mmoja, kama ukindu uliolazwa kabla haujasukwa. Silikanti ana la ziada, lililoelezwa na watafiti wa California mwaka 2018: matabaka yake huenda mawili mawili, moja limekatiza lingine mraba, na jozi hiyo ndiyo inayozunguka. Ndiyo maana nimesema mkeka. Zaidi ya hapo, ziko nyuzi zinazopita wima kati ya matabaka, kama uzi wa fundi magodoro, zikiyazuia yasiachane.

Ufa ukiingia kwenye kitu kama hicho hauwezi kwenda moja kwa moja. Kila tabaka lina njia yake rahisi, na njia hiyo imepinda kidogo kuliko ya tabaka lililopita, kwa hiyo ufa unalazimika kushuka kwa kujisokota, kama mtu anayeshuka ngazi za mnara. Njia inakuwa ndefu na nguvu inaisha kabla haujafika chini. Ukilivuta gamba badala ya kuligonga, nyuzi zilizoelekea upande wa mvuto zinabeba, na zile za pembeni zinageuka polepole kuja kusaidia.

Yupo shahidi mwingine baharini, yule kamba mpiga ngumi anayekula kome na kaa kwa kuwavunja magamba. Ngumi yake imepimwa ikienda hadi mita 23 kwa sekunde, na anapiga tena na tena bila ngumi kuvunjika. Mwaka 2012 watafiti walioongozwa na Chuo Kikuu cha California kule Riverside walionyesha kuwa ndani ya ngumi hiyo nyuzi zimepangwa kwa mzunguko huo huo, na 2014 wakachapisha matokeo ya mabamba ya kaboni yaliyopangwa kwa kuiga. Yakigongwa, jeraha lilitawanyika pembeni badala ya kutoboa kwenda chini. Nanga ikiangukia kifuniko, hilo ndilo tunalolitaka.

Kinachonifurahisha zaidi ni wepesi wa kuiga. Kitambaa cha faiba cha kufumwa ni mkeka tayari: nyuzi zimekatizana mraba, jozi ya silikanti imo ndani ya kila kipande. Fundi anahitaji kipimapembe cha shuleni na kalamu. Kipande cha kwanza weka sawa na ukingo, cha pili geuza digrii 15, cha tatu 30, kisha 45, 60, 75. Kwa kuwa kitambaa kimekatizana mraba, ukifika 90 umerudi ulikoanza, kwa hiyo vipande 6 vinatimiza mzunguko. Mati ya nyuzi zilizokatwakatwa haifai kwa kazi hii, maana nyuzi zake hazina uelekeo wa kuzungusha.

Fundi mzoefu wa faiba ataniambia: sisi siku zote tunapanga moja sawa, moja kwa digrii 45, kuna jipya gani? Jipya ni udogo wa pembe. Matabaka mawili yanayotofautiana sana huvutana kila moja na lake, na pale yanapokutana ndipo yanapoachana kitu kikigongwa. Yakitofautiana kidogo, yanaelewana.

Gharama zipo. Ukikata kitambaa kwa kukigeuza, pembe nyingi zinabaki mabakimabaki, na kitambaa hakiuzwi bure. Pili, bamba lililozungushwa kuelekea upande mmoja hupenda kujikunja rezini ikikauka. Tiba yake ni kuurudisha mzunguko nyuma kuanzia katikati, ili nusu ya chini iwe kioo cha nusu ya juu. La tatu ndilo linalonisumbua kama fundi wa kurekebisha: jeraha linalotawanyika pembeni linajificha. Juu utaona doa jeupe la ukubwa wa kucha, ndani matabaka yameachana upana wa kiganja. Itabidi ugonge kwa sarafu sentimita kwa sentimita na kusikiliza, penye uzima panalia kwa ukali, palipoachana panalia butu kama ngoma yenye ngozi iliyolegea.

Sega na mfupa wa ngisi

Silikanti anazuia nanga, lakini hatibu uzito wala kukatika kwenye bawaba. Kwa kupinda, siri ni unene usio na uzito. Bamba moja ukilipasua vipande viwili vyembamba na kuweka kitu chepesi katikati mpaka unene uwe mara mbili, ugumu wake wa kupinda unapanda mara 7 hivi; ukifikisha mara nne, unapanda mara 37 hivi, na uzito umeongezeka kidogo tu.

Nyuki anajulikana kwa hili. Mwaka 1999 mwanahisabati Thomas Hales alithibitisha kuwa pembe sita ndiyo njia ya kugawa eneo katika vyumba sawa kwa kuta fupi kuliko zote, na sega za alumini na za karatasi ngumu zimejaa kwenye ndege. Kwenye boti ya Sahare sina imani nazo. Ngozi ya juu ikitoboka, maji yanaingia kwenye vyumba na hayana pa kutokea, na gundi inayoshika ukingo mwembamba wa sega inabanduka. Tumerudi kwenye kifo cha plaiwudi.

Watoto wa Raskazone huokota ufukweni kitu kinachonipendeza zaidi: ule mfupa mweupe wa ngisi, mwepesi kama mkate uliokauka. Masonara wa nchi nyingi huuchonga kuwa kalibu ya kumiminia fedha na dhahabu. Ni chokaa ile ile ya chaza, lakini karibu asilimia 93 yake ni nafasi tupu. Ndani ni ghorofa juu ya ghorofa, dari nyembamba zimeshikiliwa na kuta zilizojipinda kama herufi S. Watafiti wa Virginia Tech walionyesha mwaka 2020 kwamba ukiukandamiza, zinavunjika kuta za ghorofa moja kwanza, kisha ya pili, mpangilio wote usiporomoke kwa mpigo. Kwa moyo wa kifuniko, huyo ndiye mwalimu: vyumba vilivyotenganishwa na kufa kwa zamu. Kuuiga kikamilifu kunataka mashine ya kuchapa vitu. Asiye nayo anunue povu gumu lenye vyumba vilivyofungwa, lile lisilonyonya maji. Halina kuta za S, lakini mpwa akiulizwa na mwalimu aseme kweli kwamba hapo amenunua, hakuiga.

Mwanzi nautaja kwa kupita. Nyuzi zake zimesongamana upande wa nje, karibu asilimia 60 ya ujazo, na huku ndani zinapungua mpaka 15 hivi, kwa sababu kitu kikipinda ni ngozi ya nje inayoumia. Ukitengeneza upondo au foromali, mwige mwanzi wala usisumbuke na wengine wote niliowataja.

Na katani je?

Tanga hukosi kuulizwa. Mkonge aliuleta Richard Hindorf mwaka 1893 kutoka Florida. Kati ya miche 1,000 ilifika hai 62, na mengine mnayajua. Kwanza tuweke mambo sawa: kutia katani kwenye rezini ni kutumia mmea, si kuiga muundo wake. Wanafunzi wengi huchanganya, na mwalimu mkali atawashika hapo.

Kama nyuzi za kupanga kwa mtindo wa silikanti, katani inawezekana. Ni nyepesi kuliko nyuzi za kioo, takriban gramu 1.45 kwa sentimita ya ujazo dhidi ya 2.5. Nguvu yake ya kuvutwa ni megapaskali 400 hadi 700, wakati kioo kinapita 2,000. Lakini tatizo lake kubwa ni maji. Nyuzi za mmea zinayapenda maji na rezini inayachukia, kwa hiyo hawa wawili wanashikana shingo upande. Niliwahi kutengeneza kifuniko cha katani, nikakisifia kwa kila aliyepita. Kingo zake nilizikata kwa grainda nikaziacha wazi. Masika moja tu, ikanywa maji kupitia kingo, ikavimba, na nyuzi ukizivuta kwa vidole zinachomoka safi kama uzi kwenye sindano. Kosa langu mwenyewe. Ningeziloweka kwanza kwenye kostiki soda ya asilimia 5 hivi, kwa glavu na miwani, nizioshe, nizikaushe kabisa, na kila ukingo niupake rezini mara mbili. Hata hivyo, kwa kitu kinachoshinda majini, leo nachagua nyuzi za kioo. Katani ningeipeleka kwenye mlango wa ndani, dari au kiti cha daladala.

Tulichoamua

Kifuniko cha mpwa kina moyo wa povu wa sentimita mbili. Ngozi ya juu ni vitambaa sita vyembamba, vya gramu 200 kwa mita ya mraba, vilivyogeuzwa digrii 15 kila kimoja. Ngozi ya chini ni sita vile vile kwa mpangilio uliorudi nyuma, na hapo tatizo la kujikunja likajimaliza lenyewe, kwa sababu juu na chini zinatazamana kama mtu na kioo. Kwenye bawaba tumeondoa povu na kuweka faiba tupu, maana skrubu iliyofungwa kwenye povu ni mlango wa maji.

Nilimlazimisha atengeneze na cha pili, vitambaa idadi ile ile, povu lile lile, ila vyote vimelazwa sawa na ukingo kama tunavyofanya siku zote. Bila cha kulinganisha naye atakuwa na namba nyingine ya kwenye simu. Viko chini ya mwembe vinakauka. Jumamosi tutaangusha nanga kutoka kimo cha kifua, na nimemwambia atangulie kuvipitia vyote viwili kwa sarafu kabla havijaguswa, aizoee sauti ya kizima.